Kiti Kwenye Ukingo wa Shamba

Waliniwekea kiti. Kile cha plastiki, chekundu, ambacho mama humtolea padre tu, kilibebwa kichwani kutoka nyumbani mpaka bondeni, kikasimikwa kwenye ukingo wa shamba. Mguu mmoja ukazama udongoni. Nikakaa nimepinda, nimeshika soda yenye mrija, na mbele yangu majirani zetu wa Gare wakajipanga na majembe yao kulima shamba ambalo marehemu baba alisema ni langu.

"Kunywa, mwalimu," alisema Bibi Eliza, jirani yetu ambaye mdomo wake haujawahi kupata Jumapili. "Soda haichimbwi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila kicheko changu kilichelewa kidogo, kama mwangwi.

Ilikuwa siku yangu ya tatu nyumbani. Miaka miwili kabla ya hapo niliondoka na stashahada yangu ya ualimu kwenda Ujerumani, kufundisha Kiswahili katika kituo cha lugha cha mji mmoja wenye mto mpana na watu wasiosalimiana. Nilikwenda kwa majivuno. Nani mwingine kutoka Gare aliwahi kuvuka bahari kwa sababu ya ulimi wake? Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima: wahandisi, wauguzi, mzee mmoja aliyetaka kuoa Moshi. Darasani walinipenda. Kipindi kikiisha walivaa makoti yao wakaenda zao, nami nikapanda ngazi hadi chumbani kwangu, ambako jirani wa mlango wa pili alinibandikia karatasi ya kunifundisha namna ya kufunga mlango bila kelele. Sura yake sikuwahi kuiona.

Baridi ya mwaka wa pili ilipolegea, nilikwenda dukani nikanunua udongo. Huko unauzwa, umefungwa kwenye mfuko kama sembe. Nikaumimina kwenye ndoo dirishani, nikafukia maharage. Udongo ule haukuwa na harufu yoyote. Maharage yalichipua membamba, meupe shingoni, yakalala. Siku hiyo nilijua kwamba siwezi kuzeekea pale.

Mwajiri alikuwa amenipa mkataba mpya, mrefu kuliko wa kwanza. Nikaomba likizo, nikamwambia nitamjibu nikiwa nyumbani. Moyoni jibu nilishakuwa nalo. Lilibaki neno la mama. Na mama alilisema, au ndivyo nilivyodhani. Alinipigia simu akasema, "Ukija tutalima lile la bondeni. Nimeshaita watu."

Anayetujua ataelewa kwa nini nililia kwa furaha. Kwetu kazi ya zamu, leo kwako kesho kwangu, haianzi mpaka mwenye shamba apige jembe la kwanza. Watu watakuja alfajiri, watasimama kwenye umande, watataniana mpaka waishiwe, lakini hakuna atakayegusa udongo kabla ya mwenyewe. Kwa pigo hilo kijiji kizima kinajua shamba ni la nani, na likishapigwa halirudishwi. Lile la bondeni, lenye mfereji na udongo mweusi, baba alinionyesha kwa fimbo yake siku niliyomaliza chuo. "Hili la mwalimu wangu," alisema. Mama alikuwepo. Kaka yangu Kristian alikuwepo. Kwa hiyo ndani ya simu ile nilisikia nilichokuwa na njaa ya kukisikia: njoo upige jembe lako.

Wiki ya mwisho kabla ya safari niliwafundisha wanafunzi wangu methali ya mgeni. Siku mbili ni mgeni, ya tatu mpe jembe. Muuguzi mmoja akainua mkono.

"Na asipopewa?"

"Haijawahi kutokea," nilimjibu, na darasa zima likacheka.

Siku ya kwanza nyumbani nilichinjiwa kuku. Siku ya pili mama alininyang'anya sahani nilizotaka kuosha. Siku ya tatu niliamka kabla ya kengele ya misheni, nikajifunga kanga kuukuu, nikazunguka nyuma ya nyumba kuchukua jembe langu. Baba alitutilia mipini mimi na kaka yangu, akatuchomea herufi kwa msumari wa moto: K ya Kristian, E ya Evelina. La K lilikuwepo. La E halikuwepo.

"Unatafuta nini huko?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Jembe langu, mama."

"Kavae viatu. Watu wanakuja kukuona."

Nikafikiri amelitanguliza bondeni, amelinoa, ataniletea mbele za watu. Nikavaa viatu.

Kwenye kile kiti, basi, nilingoja kuitwa. Watoto waliletwa mmoja mmoja wakaniamkia shikamoo. Niliiweka soda chini. Nilivua viatu polepole, nikavipanga. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mferejini, watu wakamtazama mama. Mama akasogea mpaka katikati ya shamba.

"Mwenye shamba aje," alisema.

Nikasimama. Nilishapiga hatua, nyayo tupu kwenye umande, nilipomwona Secilia, mke wa Kristian, akitokea upande wa pili na jembe begani. Hakunitazama. Alilishusha, akatemea viganja, akapiga. Donge likageuka, jeusi, likimeta kama ini. Kwenye mpini, katikati ya mikono yake, niliiona E.

Majembe yote yakashuka kwa pamoja.

Nilikuwa nimesimama pekupeku mbele ya kijiji, mguu mmoja ndani ya shamba na mmoja nje. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Bibi Eliza peke yake aliinama, akaokota viatu vyangu, akavipangusa kwa kanga yake, akaniletea.

"Vaa, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kumtosha kila mtu. "Udongo wa huku una funza."

Nikavaa. Nikarudi kwenye kiti. Nilikaa hapo mpaka jua likawa utosini, nikitazama shamba la baba likigeuzwa tuta kwa tuta, maana kuondoka kungewaonyesha kwamba nimeumia. Soda niliimaliza yote.

Jioni nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anapeta maharage.

"Baba alisema ni langu."

"Baba yako alisema mengi. Alisema pia atapona."

"Na jembe? Lina herufi yangu."

"Herufi inalima? Lilikaa nyuma ya mlango likila kutu, Secilia akalinoa. Nilipovunjika mkono, Secilia akaniogesha. Wewe ulinitumia picha ya theluji."

"Hukuniambia kwamba umevunjika mkono."

"Ungefanya nini? Ungenitumia picha nyingine."

Ungo ulipanda na kushuka. Nikapiga magoti karibu na mafiga, moshi ukanijia machoni, nikashukuru kwamba kuna moshi.

"Nimerudi, mama. Nataka kukaa."

Alipuliza makapi. Yakanirukia usoni; mpaka leo sijui kama alikusudia.

"Huko wamekufukuza?"

"Hapana. Wananitaka."

"Basi nenda kwa wanaokutaka."

Hakupandisha sauti. Mama yangu hajawahi kuhitaji kupandisha sauti. Mimi niliyelipwa kwa maneno, niliyewatamkisha Wazungu mpaka ndimi zao zikalainika, sikupata neno hata moja la kumrudishia. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta pale majembe yanapoegemezwa, nikamwandikia mwajiri kwamba nimekubali. Asubuhi Kristian alinisindikiza hadi Soni. Aliniwekea peasi mapajani kupitia dirisha la basi, akaniita "dada" kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Mkataba ule sasa unakaribia kwisha, na mwajiri ameanza kuuliza tena. Ndoo bado ipo dirishani, humo sasa naweka mwavuli. Wiki iliyopita mama alipiga simu. Sauti yake imekuwa nyembamba, inapumzika katikati ya maneno.

"Kristian na Secilia wamehamia Mombo," alisema. "Wamefungua duka. Mvua zimekubali mwaka huu. Lile la bondeni limelala."

Nilijua ninaombwa nini. Nilijua pia kwamba asingeweza kuomba kwa uwazi zaidi ya hapo, hata angekuwa anakata roho. Miaka yote hiyo maneno yangu yalikuwa yananingoja, na sasa yalikuja yenyewe, safi, bila kukosea hata moja.

"Ulimpa Secilia, mama. Mngojee."

Nikasikia upepo. Nikasikia maji ya mfereji, ndipo nikajua anapigia simu kutoka wapi.

"Haya, mwalimu," alisema.

Hakukata simu. Labda hakujua namna. Aliiweka tu mahali, juu ya jiwe au kwenye majani. Nikasikia jembe likipiga udongo mara moja.

Nikangoja pigo la pili.