Kijana wa Mfano

Ofisi ya kifungo cha nje ilikuwa imefungwa kufuli. Kijana alijaribu mlango hata hivyo, kisha akamgeukia mlinzi.

"Leo ni siku yangu ya kuripoti, mzee."

"Maafisa wote wako ukumbini. Wanafundishwa namna ya kukaa na vijana kama wewe."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alihukumiwa kwa kununua simu ya wizi, akaachiwa atumikie nje. Asiporipoti, jela. Akichelewa tena kubeba zege, msimamizi alishamwambia, kazi hana. Akaenda ukumbini.

Mkufunzi alimwona mlangoni, uso ukamchangamka. "Huyu hapa! Karibu, mdogo wangu. Tunahitaji mfano."

Akakalishwa mkabala na afisa wake, mama ambaye siku zote alizungumza naye huku macho yakiwa kwenye simu. Leo alimwinamia.

"Niambie, mwanangu. Nini kinakusumbua?"

"Siku ya kuripoti, mama. Mkiniwekea Jumamosi, sitafukuzwa kazi. Nyumbani ni mimi tu ninayeleta chakula. Nisaidie hapo tu."

Mtu mmoja ukumbini alipenga kamasi.

"Mmeona?" mkufunzi akasema. "Hakumkatiza hata mara moja!"

Wakapiga makofi.

"Kwa hiyo nimeripoti?" kijana akauliza.

Afisa alikuwa ameshasimama. "Hapa ni mafunzo, baba. Kuripoti ni ofisini."

"Ofisi imefungwa."

"Basi kesho. Tupishe kidogo, tunapigwa picha."

Kesho yake kufuli lilikuwa palepale. Kazini alimkuta mtu mwingine ameshika toroli lake. Wiki iliyofuata polisi walimtoa kitandani, wadogo zake wakitazama, akawekwa rumande.

Mahakamani, hakimu hakupoteza muda. "Kwa nini hukuripoti?"

"Niliripoti, mheshimiwa. Nilikaa na afisa wangu uso kwa uso. Akanisikiliza vizuri kabisa."

Watu wakaangua kicheko.

"Afisa wake yuko wapi?"

"Yuko safarini, mheshimiwa," karani akajibu. "Amechaguliwa kufundisha wenzake."

"Arudishwe rumande mpaka afisa apatikane."

Askari alimshika mkono. Kwenye benchi la nyuma kabisa, ambako sauti ya hakimu ilifika nusunusu, mama yake alikuwa amelinasa neno moja tu: arudishwe. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka haraka kwenda kumsubiri mwanawe getini.