Unga Uliogeuka Njano

Mfinyanzi alikuwa na haraka siku ile. Vigae vya mteja vilikuwa vimepangwa mezani vikisubiri kupakwa rangi ya kung'arisha, na unga wa oksidi ya zinki, ambao sharti uchomwe kabla ya kuchanganywa, ulikuwa ungali tanurini. Kwa kawaida angeuacha upoe wenyewe. Safari hii alifungua mlango mapema, akavuta bakuli kwa koleo ndefu.

Unga mweupe ulikuwa wa njano.

Aliyeupima jana ni wifi yake, mke wa kaka yake, mwalimu wa kemia aliyekuja kumsaidia likizo. Mfinyanzi alimwita, akamjia juu: amechota kwenye kopo gani, kijiko alikifuta na nini, na wasomi siku hizi hata maandishi ya kopo hawasomi? Mengine aliyosema ni afadhali yaishie humo karakanani.

Wifi alivuta kigoda, akaketi karibu na bakuli.

"Nipe robo saa, wifi," alisema. "Ikipita, nigombeze upya."

Wakalitazama bakuli. Njano ilianza kufifia pembeni, ikasogea hadi katikati, na mwishowe unga ukawa mweupe pe. Mfinyanzi aliuchimbua kwa kijiko hadi chini. Weupe mtupu.

Ndipo wifi alipomweleza, bila kumsimanga. Ndani ya kila punje, zinki na oksijeni zimepangwa kwa safu, kila moja na mahali pake. Moto ukizidi, oksijeni kidogo hutoroka. Zinki iliyobaki bila mwenzake hujipenyeza kwenye vinafasi vya katikati, na elektroni zilizoachwa hukaa jirani nayo. Hizo ndizo zinazonyonya sehemu ya mwanga, nasi tukaona njano. Unga ukipoa, oksijeni ya hewani hurudi.

"Kwa hiyo haukuharibika?"

"Ulipungukiwa kidogo tu. Hata huu mweupe una mapengo, ila ni machache."

Mfinyanzi aliweka kijiko chini. "Nimekukosea, wifi yangu. Nisamehe."

"Nimeishi na kaka yako miaka tisa. Kusingiziwa nimezoea."

Walicheka, wakaanza kuchanganya. Mchana, wifi akiwa anapaka vigae, mfinyanzi alitoka nje akampigia kaka yake simu, akajishtaki mwenyewe. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ahakikishe mkewe amekula.