Foleni ya Bibi Leokadia

Nina hasira za karibu, na Bibi Leokadia alijua kuzichokoza. Kila Jumatatu saa tatu kamili, simu: "Jolanta mwanangu, wametuandika?"

"Bado, Bibi. Tulia."

Mjane huyu alikuwa na nyumba ya wageni milimani, juu ya mji wetu wa Sanok: vyumba vinne, mbuzi, na jibini la moshi. Mwanawe Zbyszek alimpa hadi mwisho wa Juni. Wageni wasipopatikana, nyumba inauzwa, naye anahamia kwa mwanawe mjini Rzeszów, ghorofa ya nane.

Mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti, nzuri tu, ila hakuna aliyeiona. Miaka ile ya 2004 na 2005, ili injini za kutafuta mtandaoni zikuheshimu, ilibidi tovuti nyingine zikutaje kwa viungo vya kubofya. Basi nikamwandikisha kwenye orodha mia moja na kumi za tovuti. Nyingi takataka. Yenye uzito ilikuwa moja, ile kubwa, inayopitiwa na wahariri wa kujitolea.

Novemba nikajaza fomu yao. Machi, kimya. Mei nikamwandikia mhariri barua pepe yenye pilipili. Akajibu kwa upole: ombi lenu linaletwa upya kila Jumapili, na kila likiletwa linarudi mwisho wa foleni.

Kila Jumapili! Nikawasha gari hadi kwa Bibi.

"Nani anajaza ile fomu?"

"Mimi," akasema, hata wasiwasi hana. "Nikitoka misani napita kwa padri, ana kompyuta. Si nilikuona ulivyofanya?"

"Lo! Bibi, umetumaliza! Nani kakutuma?"

Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, enzi ya ukomunisti, maduka matupu, wewe ulikuwa mtoto. Mashine yangu ya kufulia niliipangia foleni wiki tisa. Jina liko daftarini, lakini kila jioni yanaitwa majina, na usipoitika unafutwa. Harusi ya dada yangu niliikosa kwa ajili ya kuitika. Nikajua na hawa wa orodha, nisipoonekana watanifuta."

Hasira ikaniishia pale pale, nikaona aibu. Miezi yote namwambia atulie, sikuwahi kumweleza kwa nini.

Hakujaza tena. Padri aliniambia kwamba Jumapili zilizofuata Bibi alikuja vilevile, akakaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

Zbyszek hakuongeza hata siku moja. Nyumba iliuzwa Juni ishirini na nane. Orodha ilitupokea Agosti nne.

Nikaenda Rzeszów kumwambia, moyo mzito. Kumbe anajua. Namba iliyoko kwenye tovuti ni ya simu yake ya mkononi.

"Wiki hii wamepiga kumi na mmoja," akasema.

Ikalia tena. Baba mmoja wa Gdańsk, watoto watatu, anataka vyumba viwili. Bibi akakaa wima, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Samahani sana, bwana," akasema. "Mwaka huu tumejaa."