Miguu ya Mama Mkwe

Tangu mama mkwe avimbe miguu, mkaza mwana wake ndiye aliyekuwa akimkanda. Nesi wa zahanati alimpima mama, kisha akamwonyesha mkaza mwana namna ya kukanda: aanzie vidoleni, apandishe taratibu kuelekea gotini ili damu ipate kutembea, asibonyeze kwa pupa. Basi kila alasiri, akishafunika cherehani yake, alivuta kigoda, akajipaka mafuta viganjani, akaanza.

Baada ya mwezi uvimbe ulikuwa umeywea, na mama mkwe alikuwa akilala fofofo.

"Mwanangu, nimepona," alisema siku moja. "Kuanzia kesho pumzika. Unashinda kwenye cherehani, na mgongo wako nao ni wa binadamu."

Mkaza mwana hakuinua uso. "Nesi alisema tusiache ghafla, mama."

Nesi hakusema hivyo. Ila miguu ile ilikuwa na kidole cha pili kirefu kuliko gumba, na unyayo uliobonyea vilevile kama wa mumewe, fundi umeme aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo, mwaka wa tatu sasa. Simu ilimletea sauti yake tu. Hapa kigodani, akifumba macho, alikuwa kama amemshika.

Mama mkwe aliyaona macho yake yaliyofumbwa. Miguu ya mwanawe aliiogesha yeye mwenyewe tangu ikiwa ya kuenea kiganjani, hakuhitaji kuelezwa.

"Kama nesi kasema, tufanyeje," alijibu, akamsogezea mguu wa pili. "Tena leo usiharakishe."