Chombo Chepesi cha Mwatum

Silima alifariki kwa homa mwaka mmoja baada ya vita kumalizika. Mkewe Mwatum alipotoka eda aliona kwamba hana tena njia ya kufika mwambani. Yeye na binti zake wawili, Kazija na Moza, waliishi kwa pweza. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, Silima akiwapeleka kwenye miamba iliyo mbali na kisiwa chao cha Fundo, anawashusha, anavua kwa mshipi karibu nao, kisha anawarudisha. Lakini mashua ilikuwa ya kaka yake, Nyange.

"Shemeji, leo chombo kimejaa," Nyange alimwambia Mwatum mara ya kwanza. Mara ya pili akasema vivyo hivyo. Mara ya tatu Mwatum hakuuliza.

Alikuwa na mikarafuu michache Kiuyu, urithi wa mama yake. Akaamua kuiuza anunue chombo chake mwenyewe, cha kuchukua watu watatu na kuhimili mkondo wa Fundo, ambao ukichafuka mawimbi yake huwa mafupi, yanafuatana mbiombio, hayampi mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

Kiuyu kulikuwa na fundi wa vyombo, Jaribu. Alimwonyesha mtumbwi kwanza, maana ndio uliokuwa rahisi. Mwatum akaingia, akakaa, na mtumbwi ukayumba kabla hajashika kasia. Akatoka. Pembeni palikuwa na mashua mpya ya mbao, pana ya tumbo, imara.

"Hii haikutupi," Jaribu alisema. "Lakini nambie, Bi Mwatum, nani atakuvutia pwani?"

"Inataka watu wangapi?"

"Sita. Wakiwa na nguvu, watano."

Mwatum akawahesabu moyoni wanaume anaoweza kuwabishia hodi alfajiri. Hakufika wawili. Akamshukuru fundi, akaondoka.

Wiki iliyofuata alivuka na wanawe hadi Wete, kwa Ramji mwenye duka la nguo. Uani kwake, nyuma ya magunia, kulikuwa na chombo cha bati jeupe kilichotoka katika meli ya vita, chenye mbao tatu za kukalia. Watoto wa mtaani walikuwa wakikipiga kwa mawe.

"Sikufichi, Bi Mwatum," alisema Ramji. "Nimekaa nacho miezi minane. Watu wanasema chumvi itakila. Aliyeniuzia amesema ni kitu kile kile cha sufuria, hakishiki kutu. Mimi mwenyewe sijakipanda."

Mwatum alishika upande mmoja, Kazija upande wa pili. Wakakiinua. Wakatazamana.

"Nataka kukijaribu," Mwatum alisema.

"Njoo kesho asubuhi, bahari imelala."

"La. Leo alasiri, upepo ukishapambana na mkondo."

Walitoka nje ya bandari watatu, Mwatum kwenye makasia. Mawimbi yalikipiga chombo kikanguruma kama debe, na Moza akaziba masikio. Mwatum akamwambia Kazija asimame, kisha wote wawili wahamie upande mmoja. Chombo kikainama, kikakataa kuinama zaidi. Kilirushwa juu sana kwa wepesi wake, lakini maji yaliyoingia yalijaa kopo moja tu. Jioni ile walirudi nacho Fundo.

Watu walicheka. "Bi Mwatum kanunua sufuria," walisema, na jina likabaki. Mwatum hakujali, kwa sababu bamvua ile ile walirudi na pweza kumi na saba.

Kilichomuuma alikijua baadaye. Kila alfajiri wavuvi wa Fundo hushuka pwani, wakavuta mashua ya huyu, kisha ya yule, na katika kuvuta huko wanaulizana nani kaumwa na nani kapata mtoto. Mwatum na binti zake walibeba chao pembeni, wakaondoka. Hakuna aliyewakataza kusogea. Hawakuhitajika tu, wala wao hawakuhitaji mtu. Siku nyingine alikumbuka mashua ya Jaribu, akafikiri kwamba uzito wake ungewalazimisha watu kuja.

Kazija akaolewa Kiuyu. Alipojifungua, Moza akaenda kumlea mtoto, na miezi ikapita bila ya kurudi. Mwatum akawa anakiburuta chombo peke yake, akiweka mawe matatu makubwa mbele, mahali pa wanawe, ili mawimbi yasikirushe.

Asubuhi moja alikuwa ameinama kukiburuta akasikia hatua mchangani. Alikuwa Nyange, ndevu zimemjaa mvi, peke yake.

"Lete nikushikie upande huu, shemeji," alisema.

"Chepesi," Mwatum alijibu. Lilimtoka hivyo hivyo, bila ya kufikiri.

Nyange akarudisha mkono wake. Akasimama kidogo, akatazama mawe yale matatu, akasema, "Haya," akaenda kwa wenziwe.

Kutwa nzima mwambani Mwatum alilirudia neno lile mdomoni. Pweza wawili walimponyoka.

Siku ya pili alishuka mapema, akakaa juu ya ukingo wa chombo akisubiri hatua zile mchangani. Wanaume walikuja, wakavuta mashua zao, Nyange naye alikuwamo. Alimwitikia salamu kwa mbali, akapanda, wakaondoka. Mwatum alingoja mpaka maji yakaanza kumkimbia. Ndipo alipoinuka, akakiburuta, akaingia, akashika makasia.