Mabaki Yaleyale

Nafundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo imeniharibu. Kiti changu kina breki yake ya pili, na mguu wangu hauachani nayo hata mwanafunzi awe hodari namna gani. Namshuku kila anayeshika usukani. Namshuku mwenda kwa miguu anayejitia hamnazo ukingoni mwa barabara. Nikirudi nyumbani tabia hiyo siivui pamoja na viatu. Kwa hiyo Alhamisi ile jioni, mke wangu aliponiita kwenye chumba chake cha kazi kwa sauti laini kuliko kawaida yake, nilijua hapana heri.

Chumba chenyewe ni kile cha nyuma, chenye meza moja, ubao mweupe ukutani na dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu ni mwanafizikia. Wanafunzi wake wanamwita Mama Mikunjo, na jina limemkaa. Kazi yake, kwa jinsi ninavyoielewa baada ya kuelezwa hadi yeye akachoka, ni hii. Wapo wataalamu wanaosema kila chembe duniani, ukiweza kuitazama kwa karibu kabisa, ni uzi mdogo unaotetemeka. Hesabu za nyuzi hizo zinadai dunia iwe na pande sita zaidi ya hizi tunazotembea ndani yake, na kwa kuwa hatuzioni, lazima zimekunjwa zikawa ndogo mno. Ukizikunja hivi zinatoka chembe hizi, ukizikunja vile zinatoka nyingine. Namna za kukunja hazina idadi, na karibu zote zinakupa dunia ambayo si yetu. Yeye anatafuta mkunjo unaotoa hii yetu: familia tatu za chembe, si mbili wala nne, na nguvu zilezile zinazopimwa maabara. Alianza kuutafuta kabla hajanijua mimi. Mwaka huu alikuwa karibu kuupata, na nilikuwa nimeanza kumsikia akiimba bafuni.

Jioni hiyo hakuwa akiimba. Kwenye kompyuta alikuwa amefungua makala iliyotoka mtandaoni asubuhi, na mwandishi wake alikuwa mdogo wangu wa kike.

Huyu mdogo wangu naye ni mwanafizikia wa nyuzi, katika chuo kingine cha mji huohuo. Nyumbani tulimwita Msumari tangu utotoni, kwa sababu akishaingia mahali hang'oki. Yeye hajali mikunjo sana. Anatandaza tando, mfano wa shuka nyembamba, ndani ya zile pande sita, anaziacha zikatizane, na kila zinapokatizana panazaliwa familia ya chembe. Mke wangu anaiona njia hiyo kuwa ni ushonaji wa viraka. Msumari anaiona njia ya wifi yake kuwa ni kutafuta funguo gizani. Kwa heshima ya undugu walishakubaliana kwamba mezani hawazungumzi kazi.

Mke wangu alinionyesha orodha ya chembe katika makala ile, kisha akanionyesha ya kwake. Zilifanana. Nikasema si ajabu, maana wote wawili wanaitafuta dunia moja. Akasema hiyo haimsumbui. Kilichomsumbua kilikuwa chini ya orodha. Modeli yake ilikuwa na mabaki, jozi mbili za chembe zenye chaji ya ajabu ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ziling'ang'ania humo hata afanye nini, zikamtia aibu kiasi kwamba hakumwonyesha mtu yeyote. Modeli ya Msumari ilikuwa na mabaki yaleyale, jozi mbili, chaji ileile.

"Mwanafunzi akinakili humkamati kwa majibu sahihi," alisema. "Unamkamata kwa makosa. Makosa yangu yamo ndani ya kompyuta hii tu. Nani ameyatoa?"

Nyumba yetu ina watu wawili, na yeye hakuwa akijiuliza mwenyewe.

Akaanza kunihesabia. Simu nilizokuwa nikizipokelea uani. Jumamosi nilizosema nina mwanafunzi, kumbe gari langu limeonekana nje ya nyumba ya Msumari. Siku aliyorudi safari akakuta mtandio wa wifi yake juu ya kiti hikihiki, na mimi sikumwambia kwamba mgeni alikuja. Yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo balaa lilipokuwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa namfundisha mdogo wangu kuendesha gari. Alikuwa ameanguka mtihani mara nyingi hadi watahini wakimwona wanajifunga mkanda mapema. Mtu anayezunguka ndani ya pande sita bila kupotea hawezi kurudisha gari nyuma kati ya mapipa mawili. Aliniapisha nisimwambie wifi yake, ambaye anaendesha vizuri na anacheka vibaya. Nami nikatunza siri, nikajiona kaka wa maana.

Nilimweleza mke wangu yote hayo bila kupunguza kitu. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi anayeniambia breki zimekataa.

"Profesa mzima anajificha kwa ajili ya usukani," alisema. "Hukupata uongo mwingine?"

Kisha akanieleza atakachofanya. Jumatatu angepeleka malalamiko kwenye chuo cha Msumari, na hapo kungeundwa kamati. Watu wameshapoteza kazi kwa mashaka madogo kuliko haya. Kuhusu mimi alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Modeli naweza kuianza upya. Kuishi na mtu aliyenichungulia na kuitoa siri yangu nje, hilo siwezi."

Ijumaa nilikuwa na kipindi na Msumari. Nilikusudia kumwambia mara moja, lakini nikakaa kimya, na kimya changu kikaanza kufanya kazi yake. Nilikumbuka siku ya mtandio. Alikuja mapema, mimi nikiwa bafuni, na nilipotoka nilimkuta katika chumba cha nyuma, ameketi mbele ya meza ya wifi yake. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anapumzisha miguu. Sebuleni kulikuwa na viti vinne. Kadiri nilivyozidi kufikiri ndivyo viti vile vinne vilivyozidi kunikaa rohoni. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, eti siku ile hakuona chochote juu ya meza.

Alisimamisha gari. Kwa mara ya kwanza alilisimamisha vizuri, taa imewashwa, pembeni kabisa.

"Kaka, unaniuliza au unanishtaki?"

Nikasema nauliza tu. Nikamwaga yote, makala, mabaki, kamati ya Jumatatu. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya usukani. Hakulia wala hakuapa. Alisema kesho anakuja, kisha akashuka akaenda zake kwa miguu, na mimi nikahamia kiti cha dereva nikiwa na ghadhabu isiyojua imwangukie nani.

Jumamosi mchana alikuja. Mke wangu alimpokea shingo upande na hakumwambia karibu kiti. Msumari akaeleza kwamba ameleta hesabu zake tangu mwanzo, wifi aone alikoanzia. Mke wangu akakataa kuzitazama. Mtu akishafika, alisema, ni rahisi kuchora barabara na kudai aliipitia. Badala yake akatoa mtihani. Wakokotoe namba moja ambayo haikuwa katika kazi ya yeyote kati yao: modeli ikishatulia, nyuzi zinashikana kwa nguvu kiasi gani.

"Mimi mwenyewe sijaikokotoa," alisema. "Haipo mahali popote pa kuibwa."

Simu na kompyuta zikakabidhiwa kwangu. Mke wangu akabaki chumba cha nyuma, Msumari akawekwa jikoni na karatasi na kalamu, nami nikasimama kwenye korido katikati yao, penye rafu ya vyombo, ili nihakikishe hakuna anayemchungulia mwenzake. Nilimuuliza mke wangu kwa sauti ndogo, namba zikilingana ina maana gani? Akanijibu nisimamie tu. Kwa hiyo sikujua hata niombe nini. Zikilingana, huenda ni dalili kwamba Msumari ameibeba modeli nzima kama ilivyo. Zikitofautiana, huenda ni dalili kwamba alibeba juujuu bila kuelewa. Kila nilikogeuka nilimwona mwizi, na mwizi huyo alikuwa na uso wa mdogo wangu.

Alasiri ikaenda. Kutoka chumba cha nyuma nilisikia kalamu ikikwaruza ubao na mke wangu akijigombeza. Jikoni Msumari alikuwa ametafuna mfuniko wa kalamu kama alivyokuwa akifanya shuleni. Mara moja aliinuka, akapiga hatua kuelekea mlango wa korido, macho yake yakapita begani kwangu kuelekea kule kwenye ubao. Nikasogea nikasimama katikati ya mlango. Alinitazama kidogo, akarudi akaketi.

Mke wangu ndiye aliyemaliza kwanza. Alinipa karatasi iliyokunjwa. Jua lilikuwa limeshaiacha kamba ya nguo Msumari naye aliponipa ya kwake. Nilizikunjua mimi, nikiwa peke yangu pale koridoni. Ya mke wangu ilisema nane. Ya Msumari ilisema sifuri nukta moja mbili tano.

Hazikuwa hata jirani. Nikaona kamati, nikaona mama yetu akiniuliza nilimfanyia nini mdogo wangu, nikaona upande mmoja wa kabati la nguo ukiwa mtupu. Nikawaita wote chumba cha nyuma, nikaziweka karatasi pamoja mezani, nikarudi nyuma.

Mke wangu alizitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Alimuuliza Msumari kama ana hakika na nukta hiyo. Msumari akasema ameirudia mara tatu. Kisha naye akaiona ile nane. Wakatazamana. Mke wangu akavuta kiti, akamsukumia wifi yake.

"Zizidishe," aliniambia.

Nikazizidisha kwenye simu yangu. Nikapata moja. Moja kamili, bila nukta.

Ilibidi nielezwe mara mbili. Kama Msumari angekuwa amenakili, angepata nane. Kama angekuwa anabahatisha, angepata chochote kile. Lakini alipata nane iliyopinduliwa, moja ya nane, na hiyo hupatikana kwa namna moja tu: dunia ni ileile na wameingia kwa milango miwili. Nyuzi zilizokamatana sana upande wa mke wangu ndizo zilizolegea upande wa Msumari. Hesabu za uzi uliolegea hufanyika, za uliokamatana humshinda mtu. Yale mabaki yaliyomtia mke wangu aibu sasa angeweza kwenda kuyakokotoa upande wa pili, ambako ni kazi ya wiki moja. Mabaki yalifanana kwa sababu yalikuwa mabaki yaleyale. Habari za modeli mbili kama hizo, kila moja kioo cha mwenzake, walikuwa wakizisoma vitabuni tangu ujana wao, lakini hawakuwahi kufikiri watagongana nazo humu ndani.

Mke wangu alicheka hadi akashika ubavu. Akamwomba wifi yake radhi palepale, waziwazi, na Msumari akamwambia yaishe, kisha akakiri habari ya mapipa mawili, na mke wangu akacheka tena, vibaya kama ilivyotabiriwa. Malalamiko ya Jumatatu yalifutwa mbele ya macho yangu. Muda mfupi baadaye walikuwa ubaoni, mmoja anaandika kushoto na mwingine kulia, wanakatizana maneno.

Mimi nilikuwa bado mlangoni.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe huna kosa," alisema mke wangu bila kugeuka. "Si imeonekana?"

"Nilikuambia Alhamisi."

"Uliniambia."

"Na kama namba ingekuwa nyingine?"

Aligeuka. Mke wangu ana sifa moja ambayo sikuwahi kuichukia kama siku hiyo, hawezi kusema uongo hata wa kumtuliza mtu. Alifikiri kwanza.

"Ningekuwa bado sikuamini."

Iliniuma, na nilimwambia imeniuma. Damu ilinichemka nikatoa hotuba. Nilisema mtu unayelala naye na kula naye hupaswi kumngojea hadi athibitishwe ubaoni. Nilisema neno lake peke yake lingetosha, la sivyo ndoa ni kazi ya maabara. Nilisema mimi ningemwamini yeye bila nane wala nukta. Ilikuwa hotuba nzuri, na mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa anaipokea yote, kalamu mkononi.

Msumari alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Nilipomaliza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kaka, ulipojisogeza pale mlangoni ukanizibia njia, ulikuwa unamlinda nani?"

Mke wangu akainua kichwa kungojea jibu langu.

"Nilikuwa nataka birika la maji, lile lililokuwa kwenye rafu ya koridoni, nyuma yako," alisema Msumari. Kisha akamwomba wifi yake kalamu, na wakaendelea na kazi.