Kimya cha King'ora

TANGAZO KWA WOTE WAINGIAO KARAKANA

Injini iliyomo humu inachoma haidrojeni.
Gesi hii haina rangi. Haina harufu. Ikiwaka mchana, moto wake hauonekani.
Usitegemee macho. Usitegemee pua.
King'ora kikilia, toka nje.
*Uongozi*

1. Atupele

Mimi ni Atupele Mwaisumo, fundi mitambo, Mbeya. Pua yangu imekufa. Niliugua homa nikiwa darasa la pili, nikapona, harufu hazikurudi. Maharage yakiungua jikoni, mimi ndiye wa mwisho kujua.

Cheka tu, nimezoea.

Ila jaribu kuishi hivyo. Wewe usiposikia harufu ya mafuta, unasema hakuna mafuta. Mimi nisiposikia harufu, sijui chochote. Inabidi niende nikaangalie.

2. Yaliyosemwa kwenye gereji za dizeli

«Fundi asiyesikia harufu ya mafuta? Atatuchomea gereji, huyu.»

«Dada, jaribu ushonaji.»

«Tutakupigia.»

(Hawakupiga.)

3. Gwamaka, mhandisi mkuu

Aliniambia habari ya pua kabla hata hajakaa. Nikamjibu, «Kwa gesi hii hata mimi sina pua. Karibu kazini.»

Tulichukua injini ya lori kuukuu, tukaibadilisha ichome haidrojeni na kuzungusha jenereta. Mchana umeme wa jua unatenga gesi kutoka kwenye maji, tunaihifadhi kwenye tangi. Usiku injini inaichoma, taa zinawaka. Ni kwa ajili ya zahanati moja huko milima ya Ileje, ambako wanawake wanajifungua kwa tochi ya simu.

Nilitaka ifanikiwe. Nilitaka mno, na mtu anayetaka mno huona kile anachotaka kukiona.

4. Siku ya maonyesho, kutoka kwenye viti vya wageni

«Hiyo ndiyo yenyewe? Mbona kama ya lori?»

«Ni ya lori.»

«Haina moshi! Hebu ona, hakuna moshi kabisa!»

«Mgeni rasmi yuko njiani.»

«Mh, na huo mlio wa nini?»

5. Atupele

King'ora.

Kihisio cha gesi, kile kinachokiliza, kilikuwa darini, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi, ikivuja hupanda juu. Asubuhi tulikuwa tumepaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, na hakuna kiputo cha uvujaji kilichotokea. Lakini asubuhi injini ilikuwa baridi. Sasa ilikuwa ya moto na inatetemeka.

Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Injini ikanyamaza. Wageni wakatolewa hadi uwanjani.

Kisha king'ora nacho

kikanyamaza.

6. Gwamaka

Nilishusha pumzi. Niliwaza: gesi imeisha, nitakaza nati, tutawasha tena kabla mgeni rasmi hajafika. Nikaelekea kwenye injini.

«Bosi, simama!»

«Kimenyamaza, Atu.»

«Ndiyo maana nakwambia simama! Kwa nini kimenyamaza?»

«Si uvujaji umekoma?»

«Au gesi haifiki tena darini. Inaungua njiani.»

Mbele yangu palikuwa na bomba, injini, mwanga wa jua. Basi.

7. Atupele

Nikachukua ufagio wa chelewa wenye mpini mrefu. Nikaunyoosha mbele yangu, nikasogea kidogo. Nikasogea tena.

Hewa tupu.

Hewa tupu.

Hewa tu

8. Kutoka uwanjani

«Yesu wangu! Ufagio unawaka!»

«Nani kauwasha?»

«Hakuna mtu! Umewaka wenyewe!»

9. TAARIFA YA TUKIO (sehemu)

Kitufe kilizima injini, lakini valvu ya kukata gesi ilikwama na kubaki wazi nusu. Nati ya bomba ililegea kwa joto na mtetemo. Gesi iliyovuja ilishika moto kwenye chuma cha moto. Mhandisi mkuu alifunga tangi kwa mkono, kwa nje. Moto ulikoma. Hakuna aliyejeruhiwa.

*Nyongeza ya mhandisi mkuu, kwa kalamu:* Mkono wangu ulikuwa umeshanyooshwa kuelekea pale.

10. Subilaga, muuguzi wa zahanati

Mgeni rasmi aligeuzia gari getini. Wengine nao wakaondoka, wakisema kitu hiki ni hatari, kirudi kilikotoka.

Mimi nilibaki. Nikamfuata yule dada, amekaa chini, ameukumbatia mpini wa ufagio.

«Mmekata tamaa?» nikamuuliza.

«Hapana, dada. Leo tumejua panapovuja.»

«Basi mkitengeneza, mniite. Nitakuja nione kwa macho yangu.»

11. Atupele

Tumeweka bomba jipya na valvu mbili, moja ikikwama nyingine ikate. Povu tunapaka injini ikishapata joto. Juu ya mashine tumefunga jicho la kuona moto ule ambao macho yetu hayauoni.

Na kila asubuhi tunakipulizia kihisio gesi kidogo, makusudi, kilie. Kikilia, ndipo tunaamini kimya chake.

Mama alipiga simu. «Mwanangu, hiyo kazi itakuua.»

«Mama, wenzangu wananisikiliza.»

«Umekula lakini?»

12. Leo

Subilaga amekuja, na gauni lake la kazi. Gwamaka anawasha. Injini inakohoa, inashika, inanguruma. Inapata joto. Tunazunguka bomba lote, kiungo kwa kiungo, na hakuna kiputo.

Subilaga amesimama nyuma, penye bomba la kutolea moshi. Tumetega bati mbele ya bomba hilo, na bati limelowa. Linadondosha.

«Hiki nini?»

«Haidrojeni ikiungua inakuwa hivyo,» Gwamaka anamwambia. «Maji.»

«Maji?»

«Maji.»

Anakinga tone kwa kidole, analitazama, kisha anatutazama sisi.

«Sasa mnasubiri nini? Kule kwetu kuna mama ana uchungu tangu alfajiri, na giza linakuja.»